Nyua Zilizofagiwa Kando ya Ziwa

Kazi yangu ya pili baada ya kuacha shule ilikuwa kutembea nyuma ya mgongo wa mtu. Mwenzangu alitangulia amejitanda kaniki mabegani, mimi nilimfuata kwa hatua tatu nikiwa na wavu wa mkono, na nyuma yangu alikuja mnyapara na daftari lake. Mbung'o hupenda kitu cheusi kinachokwenda. Walipotua juu ya kaniki niliwanasa, nikawashika kwa vidole viwili, nikawatazama tumbo, nikamwambia mnyapara: dume, jike, mwenye njaa, aliyeshiba. Yeye aliandika. Kisha tulikwenda hatua mia mbili nyingine mpaka kituo kingine, kwenye mti wenye kibao cha namba, tukasimama tena, tukangoja.

Kazi hiyo nilijifunza Shinyanga, ambako palikuwa na Wazungu waliotaka kujua kila kitu cha mbung'o: anakula nini, analala wapi, anaweza kumfuata ng'ombe mpaka wapi kabla hajakata tamaa. Shuleni nilikuwa nimeuliza maswali mpaka mwalimu akanipa jembe nikalime shamba lake wakati wenzangu wakisoma. Hapa nililishwa kwa sababu ya maswali yale yale. Nilikaa misimu miwili. Halafu miguu ikaanza kuniwasha, kama ilivyo desturi yake, nikaelekea magharibi na kuipata kazi hiyo hiyo upande wa ziwa, nusu siku kwa miguu kutoka Buseresere.

Nchi ile ilikuwa imehamishwa watu. Malale yalikuwa yamewamaliza wengi, na serikali ikaamuru waliobaki waende wakakae pamoja kwenye makazi mapya, mbali na vichaka. Nyumba walizoziacha zilichomwa paa ili wasishawishike kurudi. Kabla ya kuhama kila mtu alipapaswa shingo. Aliyekutwa na matezi yaliyovimba, dalili ya malale, aliandikwa kwenye orodha na kupelekwa kambi ya wagonjwa, karibu na Biharamulo, mji wenye boma la Mjerumani. Huko kulikuwa na sindano. Sindano hiyo iliwaamsha watu waliokuwa wamelala miezi, na wengine iliwaamsha ikawanyang'anya macho. Kwa hiyo watu waliiogopa kuliko ugonjwa wenyewe.

Mwenzangu wa kaniki alikuwa Mzinza wa hapo hapo. Njia yetu ilipita katikati ya kijiji alichozaliwa. Siku niliyofika alikuwa amenyoa kichwa, nikaambiwa anamlilia mkewe. Mkewe alikuwa amekutwa na matezi na jina lake limeandikwa, lakini asubuhi ya kuhama hakuonekana. Kibuyu chake kiliokotwa ufukweni. Mume alisema ni mamba.

Mnyapara hakuamini. Alikuwa mtu wa mjini, Mwislamu, babu yake alitoka pwani na misafara akaishia Tabora, na alipenda kila kitu kiwe na mahali pake kwenye karatasi.

"Jina lake bado liko kwenye orodha," alimwambia mwenzangu siku ya kwanza, mbele yangu. "Siwezi kulifuta kwa ajili ya kibuyu."

"Basi mkamate huyo mamba, mnyapara, umtie wino aweke dole gumba."

"Nikimwona nitamtia. Mke wako nikimwona nitampeleka kambini. Hayo mawili ndiyo niliyoagizwa."

"Wewe hujaagizwa kuona. Umeagizwa kuandika."

Tulicheka wote watatu, mwenzangu akicheka zaidi yetu.

Njia ilianzia ziwani, kwenye vilima vya mchanga. Sijui kama watu wanajua kwamba ziwa letu lina vilima vya mchanga; mimi sikujua. Upepo ulikuwa umeurundika juu ya majani makavu mpaka ukawa mrefu kuliko mtu, na kila wiki kilima kilikuwa kimesogea kidogo, hata kibao cha kituo cha pili tulikikuta kimezikwa mpaka shingoni. Asubuhi mchanga ule ulikuwa na nyayo za viboko zilizopanda na kushuka. Ukitembea juu yake husikii miguu yako mwenyewe. Nilikuwa nageuka mara kwa mara kuhakikisha kwamba mnyapara bado yuko nyuma yangu, naye akanikataza.

"Ukigeuka unanitia wasiwasi. Naanza na mimi kugeuka, na nyuma yangu hakuna mtu."

Baada ya vilima lilikuja tuta. Wenyeji walikuwa wamelijenga kwa udongo na mizizi ya mafunjo ili maji ya ziwa yasiingie kwenye viazi vyao, na lilikuwa refu, hatua elfu moja au zaidi, pana kiasi cha watu wawili kupishana. Kushoto palikuwa na mafunjo na sauti za ndege usiowaona. Kulia, chini, palikuwa na kijiji: kaya kumi na moja, kuta bila paa, na uzio wa minyaa ulioendelea kumea kana kwamba haukuambiwa. Kituo cha tisa mpaka cha kumi na mbili vilikuwa humo ndani.

Mwenzangu alikuwa na masharti yake. Tuliposhuka tuta hatukuruhusiwa kusema neno ila la kazi, na hilo kwa sauti ya chini. Penye kaya ya kwanza palikuwa na kijumba cha mizimu, kimeezekwa kwa majani, kimo cha goti. Hapo alisimama, akafungua fundo la kaniki na kuweka chakula: unga ulioviringwa kwenye jani, viazi vya kuchoma, dagaa. Wiki iliyofuata hapakuwa na kitu. Mimi nilidhani ni nyani. Hata Usukumani tunawapa wazee wetu chakula, lakini kiasi cha kuonja tu, chembe chembe. Huyu aliwapa cha kushiba.

"Wazee wa kwenu wanakula," nikamwambia siku moja tulipokuwa tumekwisha panda tuta la kurudi.

"Wa kwenu wanaambulia chembe, ndiyo maana ninyi mnakimbia kwenu."



Kilichonisumbua zaidi ni nyua. Niliona tangu siku ya kwanza, ila ilinichukua safari ya pili kuelewa nilichokiona. Mahali pengine pote nchi ile ilikuwa inarudi porini: majani kiunoni, mchwa juu ya kuta, mizabibu mwitu milangoni. Lakini mbele ya kila nyumba isiyo na paa, ua ulikuwa mweupe. Hakuna jani. Niliinama nikaona alama za ufagio, zile nusu duara zinazofuatana kama magamba ya samaki. Na hapakuwa na nyayo. Aliyefagia alikuwa amefagia akirudi kinyumenyume, akijifuta mwenyewe, kutoka ua mmoja kwenda mwingine, kaya zote kumi na moja.

Nilimwonyesha mnyapara kwa kidole. Akatazama muda mrefu.

"Upepo," akasema.

"Upepo uliofika mlangoni ukageuka?"

"Andika upepo," akasema, ingawa mwenye daftari alikuwa yeye.

Mwenzangu hakugeuka. Alisimama na kaniki yake katikati ya ua mweupe, saa sita ya mchana, vivuli vikiwa chini ya miguu yetu, na mbung'o wakamjia mmoja mmoja. Mbung'o hatembei usiku. Kazi yetu yote ilikuwa ya jua kali, na ninaweza kusema kwamba tangu hapo sijaogopa giza kama ninavyoogopa saa sita mahali pasipo na mtu. Gizani unajiambia kwamba huoni. Pale niliona kila kitu, mpaka punje za mchanga, na hapakuwa na kitu.

Tulikuwa na desturi nyingine niliyotoka nayo Shinyanga. Baadhi ya mbung'o hatukuwaua. Tuliwatia nukta ya rangi mgongoni, nyeupe wiki hii, nyekundu wiki ijayo, tukawaachia, ili wakikamatwa tena tujue wametoka wapi na wamekwenda umbali gani. Kituo cha kumi na moja niliwatia nyeupe majike watatu.

Wiki iliyofuata nilimnasa mmoja wao pale pale. Tumbo lilikuwa limejaa, jekundu linang'aa kama ushanga, damu ya asubuhi ile ile. Nikasema, "Ameshiba." Mnyapara akaandika. Wiki ya tatu nikamnasa mwingine mwenye nukta nyeupe, na mwenye nukta nyekundu, kituo hicho hicho, wote matumbo yamejaa. Vituo vingine vyote njiani tulikuwa tukipata wenye njaa, wembamba, waliotua kwa pupa. Hawa walitua kivivu, kama watu waliotoka karamuni.

Nilifurahi. Lazima nikiri hivyo. Nilifurahi kama mtu aliyetegua kitendawili, nikasahau masharti ya kunyamaza.

"Mnyapara, tazama. Ni wale wale, na wamekula leo. Nyati anakula anapita. Pongo anapita. Mnyama gani anakaa mahali pamoja wiki tatu?"

Nilipokwisha kusema ndipo nikautazama mgongo uliokuwa mbele yangu. Mbung'o walikuwa wakitembea juu ya kaniki, wanne au watano, mmoja amepanda shingoni akaanza kumdunga, na mwenzangu hakujitikisa.

"Nguruwe," akasema bila kugeuka. "Nguruwe mwenye watoto hukaa."

"Nguruwe hafagii," akasema mnyapara.

Alifunga daftari, akaweka kalamu mfukoni, akaacha njia na kuingia kwenye migomba nyuma ya kaya ya mwisho. Mwenzangu alimfuata mbio, mimi nikawafuata wote wawili. Migomba ilikuwa imesongamana, majani makavu yananing'inia, lakini chini palikuwa safi. Katikati palikuwa na kibanda cha kulindia shamba, kidogo hata waliochoma nyumba hawakukiona. Mnyapara alisimama mbele ya mlango akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alibisha kwa adabu, kama yuko mjini.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi hapa."

Mwenzangu alimshika mkono. "Mnyapara, nakuomba. Mnyapara."

"Hodi, wenyewe."

"Karibuni," ikasema sauti ndani.

Alikuwa ameketi ameegemea ukuta, miguu ameinyosha, ufagio umelala mapajani. Macho yalikuwa yamefumba nusu na kichwa kimeinama begani. Alikuwa amelala. Mikono ilikuwa mikondefu na imejaa alama za mbung'o. Alizungumza bila kuamka, kwa sauti ya mwenye nyumba aliyepata wageni wengi kwa siku moja.

"Karibuni, kaeni. Nyie wa kaya ya ngapi?"

"Tumetoka mbali, mama," akasema mnyapara. "Shikamoo."

Mnyapara alimzidi umri kwa miaka ishirini. Nadhani alimwamkia hivyo kwa sababu hakuwa na hakika anasema na nani.

"Marahaba. Wenzenu wamekwisha fika. Wewe mwenye wavu, sogea, umemkanyaga mtu."

Nilisogea. Sina aibu kusema hivyo. Niliruka kando mpaka nikajigonga kwenye mlango.

Mwenzangu alipiga magoti akamfukuza mbung'o mmoja shavuni mwa mkewe. Kisha akaanza kusema haraka haraka, akimtazama mnyapara magotini. Mkewe mchana hulala. Usiku huamka, ndivyo ugonjwa ulivyo, na usiku anafagia nyua za majirani wote kwa sababu anasema wamerudi na nyumba zao chafu. Chakula cha kijumbani ni chake. Kazi hii ya kaniki aliiomba kwa sababu ya njia hii. "Shemeji yangu alipigwa hiyo sindano. Leo anaongozwa kwa fimbo na mtoto wake. Sikuweza kumpeleka huyu, mnyapara. Nichape, nifunge, lakini hapa hamsumbui mtu."

"Mbung'o hawa waliokula kwake," mnyapara akamjibu polepole, "wanatoka hapa wanakwenda wapi? Wanakuja mgongoni kwako. Wanakuja shingoni kwa kijana huyu na kwangu. Sisi tunarudi nao makazini."

Mwenzangu alijipapasa shingo pale alipodungwa. Hakuwa amelifikiria hilo, au alikuwa amekataa kulifikiria.

Mnyapara alitoka nje akatazama jua. "Kituo cha kumi na moja sijakiandika," akasema. "Ninaswali adhuhuri. Nikimaliza utaniambia niandike nini. Ukisema nguruwe, nitaandika nguruwe, na kijana huyu hatasema kitu, nami nitaomba njia nyingine ya kutembea, maana hii siiwezi tena." Akatayamamu kwa mchanga wa ua wa jirani, ule mweupe, maana majini palikuwa na viboko, akaelekea kibla.

Tukabaki sisi watatu. Mwenzangu alimshika mkewe viganja.

"Mke wangu. Twende kwa watu."

"Watu wako hapa."

"Twende kwa mganga wa Wazungu, upone usingizi."

"Nikienda nani atafagia?"

"Watafagia wenyewe."

"Hawana mikono, baba," akasema yule mwanamke, kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Wanajaribu. Nawaona wanavyojaribu."

Nje mnyapara alikuwa amesujudu, na nyuma yake ua ulikuwa mtupu kabisa.

Mwenzangu alinigeukia. Mpaka hapo nilikuwa nadhani atanipiga, na ningekubali.

"Wewe unayejua kila kitu," akasema. "Uliyetoka Shinyanga kwa wataalamu. Akibaki hapa ataishi mpaka mvua?"

Nilijua habari za mbung'o, za watu sikuzijua hivyo. Lakini Shinyanga nilikuwa nimewaona watu watatu waliofikia hapo, wanaosema na wasiokuwepo, na hakuna aliyemaliza mwezi wa pili. Ningeweza kumwambia sijui. Lingekuwa jibu rahisi, na lingemwachia mkewe.

"Hataishi," nikasema.

Hakuviachia viganja vya mkewe mpaka mnyapara alipotoa salamu kulia na kushoto. Kisha akavua kaniki, akaitandika chini, akatoka kwenda kukata miti miwili ya machela.

Tulimbeba kupitia katikati ya kijiji. Mnyapara alishika mbele, mzee yule, daftari limefungwa kiunoni, na mwenzangu nyuma. Mimi nilipokezana nao. Mbung'o walitufuata wengi kuliko siku yoyote. Tulipopanda juu ya tuta mwanamke aliinua mkono mmoja kutoka kwenye kaniki na kuanza kuaga. Aliaga upande wa kijiji. Akageuza kichwa, akaaga upande wa ziwa, kule kwenye mafunjo na maji, ambako hapakuwahi kuwa na nyumba. Aliaga mmoja mmoja, akingoja kidogo baada ya kila mmoja, kwa muda wa kuitikiwa. Hatukusimama. Mnyapara alikuwa akisoma kitu kwa kunong'ona, na mimi nilihesabu hatua kwa sauti ili nisije nikasikia.

Mpaka Biharamulo ilikuwa siku mbili. Chini ya ukuta mrefu mweupe wa boma mnyapara alifungua daftari na kuandika, halafu akatusomea: kituo cha kumi na moja, mgonjwa mmoja mwanamke, amekuja kwa hiari na mume wake. Hapo ndipo nilipojua kwamba mwenzangu hatafungwa.

Mimi sikurudi kwenye njia ile. Nilisikia dhahabu imeonekana Geita na watu wanachimba usiku na mchana, nikaenda kuona dhahabu inafananaje ikiwa bado ndani ya jiwe. Nilikaa huko mpaka masika ya pili. Nikisafiri tena kwenda magharibi nilipitia kambi ya wagonjwa, kwa makusudi, ingawa nilijiambia kwamba ni njia ya mkato.

Mwenzangu alikuwa akipasua kuni za jiko la kambi. Nywele zilikuwa zimeota. Alinitambua mara moja, akaendelea kupasua mpaka gogo likaisha.

"Anaishi," akasema.

"Nimefurahi."

"Usingizi umemtoka. Mchana halali kabisa, hata ukimlaza. Anaogopa. Macho yameingia ukungu, anaona mtu kama kivuli." Akaweka shoka chini. "Pale ulisema hataishi. Ulisema kweli. Hukusema hapa ataishije."

"Sikujua."

"Najua hukujua. Nenda kamsalimie. Usipoenda atasikia sauti yako na hatakujua wewe ni nani, itakuwa vibaya zaidi."

Alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha banda la wanawake, penye njia ya kila anayekwenda kisimani. Alikuwa amenenepa, amesukwa nywele vizuri, na mbele yake wanawake walipita na mitungi, kila mmoja akipunguza mwendo na kumnyoshea mkono bila kuulizwa, kama watu waliokwisha zoea. Nilidhani wanamwamkia. Nilipokaribia akageuza uso upande wangu, macho meupe kidogo, akitafuta.

"Nani huyo?"

"Mpita njia, mama. Habari za hapa?"

"Nzuri. Lete mkono."

Nilimpa. Hakuushika kiganja. Alipanda juu kidogo mpaka kwenye kifundo, akabonyeza kwa vidole viwili, akainamisha kichwa na kungoja. Nilisikia mapigo yangu yakigonga kwenye vidole vyake. Alihesabu kwa midomo, polepole, alihesabu mengi, na aliporidhika akaniachia.

"Pita," akasema. "Wewe u hai."